Derrick Hajakataa

Gari langu likizima na jeneza ndani, hakuna anayeuliza kama lina mafuta. Wanauliza marehemu amemkasirikia nani.

Huku kwetu Bungoma mambo ni hayo. Gari la maiti likikataa njiani, mkubwa wa familia anashuka, anafungua mlango wa nyuma na kumsemesha marehemu kwa upole: twende nyumbani, kama kuna aliyekukosea tutalizungumza. Mimi, Nelima, kazi yangu ni kuwatoa wafu Kitale na kuwafikisha makwao, kwa hivyo nimesimama kando ya barabara mara nyingi nikingoja mazungumzo hayo yaishe. Sina ubaya nayo. Nyanya yangu aliongea na wafu wake kila asubuhi akifagia uwanja, na hakuna aliyedhurika. Lakini kuongea na wafu ni jambo moja, kuwasingizia ni jambo lingine.

Gari lenyewe ni vani nyeupe ya petroli, kuukuu, na mita yake ilipita kilomita laki nne zamani. Mimi pia ni fundi. Nilishika spana kabla ya kushika usukani. Tangu mvua zianze lilikuwa limezua tabia: kwenye safari ndefu linasita, linakohoa, linakosa nguvu, halafu linazima. Ukilipumzisha kidogo linawaka tena kana kwamba si lenyewe. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha filta ya mafuta, kisha pampu. Wachira, tuliyejifunza naye kazi katika gereji moja, akanicheka.

"Nelima, hiyo injini imechoka bana. Izike nayo."

Nilimwambia uzee si ugonjwa. Mzee akianguka, kuna mahali amejikwaa.

Basi siku hiyo nilikuwa nimembeba Derrick, fundi wa mjengo aliyeugua na kufia Kitale. Jamaa wengi walikuwa wametangulia Kabuchai kwa gari lingine. Tuliobaki kwangu ni watu watatu: mimi, kaka yake mkubwa Jotham aliyeketi mbele nami, na mjane, Edinah, aliyeketi nyuma kando ya jeneza. Edinah na Derrick walikuwa wameishi Kipsongo, kule kule Kitale, miaka yao yote ya ndoa, na Jotham aliamini mwanamke huyo ndiye aliyemfungia ndugu yake mjini hata akasahau kwao. Tangu tutoke mochari hakuwa amemwita jina wala shemeji. Alisema "huyo."

Tulipopita Kamukuywa, gari likasita. Nikakanyaga mafuta, likakohoa, likafa. Jotham akashuka kwa heshima, akamwomba ndugu yake. Alipomaliza nikawasha, likawaka. Aligeuka akamtazama Edinah kwa muda mrefu.

Kabla ya Kimilili likafa tena. Safari hii Jotham hakwenda kumwomba mtu.

"Marehemu amekataa," akasema. "Mara ya kwanza nimemwomba, akanisikia. Sasa anakataa tena. Kuna mtu hataki aingie naye nyumbani. Huyo ashuke."

"Ashuke aende wapi, mzee?"

"Arudi Kitale. Si ndiko anakopenda?"

Edinah alichukua mfuko wake wa nguo, akashuka, akasimama ukingoni mwa shamba la miwa, uso umemsawijika. Nadhani alikuwa amelia mpaka hakuna kilichobaki. Na mimi nilijua maana ya jambo lile. Mke asipotupa udongo kaburini kwa mumewe, Kabuchai nzima itauliza kwa nini, na jibu lingekuwa tayari: mume mwenyewe alimkataa barabarani. Hangekanyaga boma lile tena maisha yake yote. Hapo hasira ilinipanda, na mimi nikikasirika akili yangu hufanya kazi vizuri.

Umeme ukikatika, injini hufa ghafla kama taa. Hii yangu haikuwa ikifa hivyo. Ilikuwa inasita, inakohoa, inalegea kidogo kidogo. Hiyo ni njaa. Lakini tangi nililijaza mwenyewe Kitale, na pampu ilikuwa mpya. Chakula kiko tumboni na mtu anakufa njaa! Nikajiuliza: wakati Jotham anapoongea, gari hupata nini? Halipati maneno. Linapata kutulia tu, na likitulia kuna kitu kinarudi polepole.

"Mzee Jotham," nikasema, "sasa hivi usimwambie neno. Na mimi sitangoja lipumzike."

"Ati nisiseme na ndugu yangu?"

"Nipe nafasi hii moja tu."

Nikaenda ubavuni, nikafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Jotham alirudi nyuma hatua. Nikarudi kwenye usukani nikawasha, na injini ikaitika mara moja, bila kupumzishwa, bila kuombwa.

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona," akajibu. "Limewaka kwa sababu ameshuka."

Nilitaka kumtukana. Lakini ilikuwa hoja ya haki, hata fundi angeitoa. Nikazima gari, nikatandika gunia, nikaingia chini. Kando ya shingo ya tangi kuna kibomba chembamba cha kupitisha hewa, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa udongo mgumu. Nikachokoa kwa waya mpaka donge likaanguka. Nililivunja: ndani mlikuwa na buibui wadogo waliopangwa kama akiba. Nyigu! Yule mwembamba wa kiuno, anayejenga kwa udongo kila mvua zikinyesha na kuwawekea watoto wake buibui. Alikuwa amejenga nyumba yake kwenye pua ya gari langu, na mimi nikanunua pampu. Nilicheka pale chini peke yangu.

Nikamwekea Jotham donge lile kiganjani.

"Mzee, ukitoboa debe la mafuta ya kupikia tundu moja, mafuta hutoka?"

"Hayatoki vizuri. Lazima utoboe mawili, hewa iingie."

"Basi hili ndilo tundu la pili. Mafuta yakitoka na hewa isiingie, tangi linakabwa. Mkisimama mkaongea, hewa inapenya kidogo kidogo, gari linawaka, nanyi mnasema amekubali. Derrick hajakataa. Msimsingizie, hawezi kujitetea."

Jotham akageuza lile donge, akawatazama wale buibui. Alikuwa mkulima, alimjua nyigu. Lakini bado alikuwa na shingo ngumu.

"Na likizima tena mbele?"

Nikafunga kifuniko cha tangi kabisa, nikikikaza mbele ya macho yake. Kisha nikainua ufunguo.

"Edinah, panda. Keti mbele, katikati yetu. Mzee, likizima kabla ya Kabuchai, gari hili ni lako, na mimi nitatembea kwa miguu."

Edinah akapanda. Tukaondoka. Tulipita Kimilili, tukashika barabara ya Chwele, na kila kilima kilipokuja nilisikia Jotham akibana pumzi. Mimi sikubana. Injini ilikuwa ikivuta vizuri, sauti moja, haisiti. Nilikuwa nimesahau lile gari lina nguvu kiasi gani.

Tulipokaribia kuacha lami, Jotham akasema, bila kututazama, "Kwa hivyo ni udongo tu."

"Ni udongo tu, mzee."

"Derrick hakusema kitu."

Nilitaka kujibu kwa ushindi, nikamwona midomo inatetemeka. Ndipo nikaelewa, na nikamhurumia. Njia nzima yule mzee alikuwa akingoja ndugu yake amwambie jambo, lolote, hata likiwa la hasira. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata hilo.

"Alisema," Edinah akasema.

Sauti yake ilikuwa imekauka. Tangu asubuhi sikuwa nimeisikia.

"Alisema siku ya mwisho, akiwa bado anajijua. Alisema wewe ndiye nikupigie simu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ati mlipokuwa watoto ulikuwa unamvusha mto Kuywa mgongoni akienda shule, na hukumwangusha hata siku moja. Akaniambia, 'Jotham akikuja, usiogope kitu. Atatufikisha.'"

"Alisema atatufikisha?"

"Sisi wawili."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mzee."

Jotham aligeukia dirishani. Akalia hivyo hivyo, mabega yakimtikisika, nami nikaendesha polepole ili apate nafasi.

Langoni watu walikuwa wamejaa, na vilio vikapanda walipoiona vani. Shangazi mmoja alikuwa tayari anauliza kwa sauti kwa nini tumechelewa, gari lilikataa wapi, na nani alikuwa ndani. Jotham akashuka wa kwanza. Donge lilikuwa limesagika lote mkononi mwake. Akapukuta ule udongo, akapangusa kiganja kwenye suruali, kisha akamnyooshea Edinah mkono watu wote wakiona.

"Shuka, shemeji," akasema. "Tangulia."