Aliyekula Kwangu

Mzee Hakimu hakuwa na ugomvi na umeme. Hilo alitaka lieleweke mapema, maana ukitamka neno juu ya mitambo ya upepo, wapo watakaokuita adui wa maendeleo, naye alikuwa seremala wa Kamembe aliyezoea randa ya umeme tangu ujana. Ugomvi wake ulikuwa juu ya kilima. Pale Giheke alikokaa, nje kidogo ya Kamembe, kampuni ya mitambo hiyo ilikuwa na vilima viwili vya kuchagua, kimoja nyuma ya nyumba yake na kingine mbele, na ikakitaka cha mbele kwa sababu tu barabara ilikuwa karibu.

Na huko mbele ndiko riziki yake ilikotoka. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vya kulaza wageni, vya kawaida kabisa, maji ya moto unaletewa kwa ndoo. Hakuna aliyesafiri kutoka Kigali kufuata ndoo. Walifuata baraza aliyoijenga Hakimu kwa mikono yake mwenyewe. Ukikaa pale asubuhi unaliona Ziwa Kivu, kisiwa cha Nkombo, na ng'ambo milima ya Kongo ikichomoza kwenye ukungu mmoja baada ya mwingine. Charlotte, dada anayetembeza watalii, aliwaleta kila baada ya wiki mbili. Walikuwa wanakaa kimya na kamera zao mpaka sambaza za Honorine, vile vidagaa vya ziwani, zinapoa kwenye sahani.

Honorine ndiye aliyekuwa mpishi, mama wa Bukavu asiyemung'unya maneno. Siku mbili kabla ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ambayo safari hii ingefuatwa na mkutano wa wakazi juu ya mitambo, alimsimamisha bosi wake mlangoni.

"Papa Hakimu, kule ku mukutano weye njo utasema. Majirani bote banakuangalia weye."

"Nitasema. Neno moja tu: bachukue kile kilima ya nyuma."

Ijumaa jioni, gari la kampuni likasimama uani. Akashuka Muhire, kijana nadhifu wa suruali iliyopigwa pasi, yule yule aliyekuwa anazunguka na ramani. Aliomba chumba. Hakimu alimjua vizuri, lakini msafiri akisimama mlangoni kwako jioni unamwambia nini? Muhire alivua viatu bila kuambiwa. Aliomba sambaza mara mbili, akalamba vidole, akasifu pilipili, akapapasa nguzo za baraza na kusema kazi kama hiyo haionekani siku hizi. Asubuhi alikunywa chai vikombe viwili. Kisha akashika jembe akaenda kuzibua mitaro pamoja na majirani.

Kazi ilipokwisha watu waliketi kwenye nyasi. Muhire alisimama, suruali ina tope kidogo, tope la kiasi tu.

"Mimi nimelala kwa mzee huyu," alisema. "Nimekula kwake. Basi tumsikie yeye kwanza."

Nyuso zote zikamgeukia Hakimu. Alisimama. Neno lilikuwa limeshafika kooni, fupi na jepesi, lakini alipomtazama yule kijana aliona mtu aliyekuwa bado na chakula cha Hakimu tumboni. Kwao hakufundishwa kumuaibisha mtu wa namna hiyo mbele za watu. Mama yake angefufuka amchape.

"Miye sina neno," alisema. "Karibuni."

Makofi yakapigwa. Hata waliokuja wamekasirika walipiga, kwa kuwa Hakimu amesema. Muhire naye akatabasamu, na katika tabasamu lile Hakimu akaelewa yote kwa mpigo mmoja: sambaza, viatu, nguzo. Kijana hakuwa na haja ya kitanda, hoteli ziko tele Kamembe. Hakimu aliinama hapo hapo kwenye nyasi, akajifanya anafunga kiatu.

Nyumbani Honorine hakumpa nafasi ya kukaa.

"Juu ya nini haukusema, Papa?"

"Alikula kwangu."

"Njo maana alikuya kukula."

Mitambo saba ikasimamishwa. Majirani waliiita vantilatere, yaani feni, na watoto waliipenda. Barabara ya kuipeleka juu ilichana kilima kikabaki na kidonda chekundu, mvua ikikizoa na kukimwaga ziwani. Lakini hicho si kitu mbele ya jioni. Jua likishuka upande wa Kongo, kivuli cha mapanga ya mitambo kilikuja hadi barazani na kupita juu ya meza, juu ya sahani, juu ya uso wa mtu anayekula, kinapita na kurudi, kinapita na kurudi. Watalii wa Charlotte walivumilia chakula kimoja. Wiki iliyofuata alipiga simu, akaomba radhi kwa upole mwingi, akasema siku hizi anawapeleka Karongi. Hakimu alimwambia hana neno, kisha akatema mate uani kama aliyelamba dawa ya mbao. Alijichukia. Alimchukia Muhire zaidi, lakini Muhire hakuwepo, na yeye alikuwa na nafsi yake kutwa nzima.

Muhire alirudi baada ya mwaka, bila haya hata ya kusingizia. Alikuwa na watu kumi wa Mibirizi, ambako kampuni sasa ilitaka kilima kingine. Aliyewaongoza alikuwa bibi mmoja, Mukarugwiza, ambaye yeye na wenzake huwapitisha wageni kwenye vijia vya mashamba ya kahawa. Wote wakaketishwa barazani, Fanta zikafunguliwa.

"Mzee, waeleze," Muhire alisema. "Siku ile ulituambia huna neno."

Mukarugwiza alikuwa amekwisha kuviona viti vitupu. "Papa," aliuliza, "bageni bako bangali banakuya?"

Hakimu alimtazama Muhire, siyo yule bibi. Aliweka mikono mezani.

"Hapana, Maman. Hakuna hata moya. Na ile siku nilikuwa na neno. Nililimeza juu huyu muntu alikula kwangu." Alimwonyesha Muhire kwa kidevu. "Akikuya kwenu, musimupe chakula. Musimupe hata mayi."

Honorine alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko mkononi. Maneno kama hayo hayakuwahi kutamkwa katika nyumba ile, na Hakimu alijisikia mchafu na mwepesi kwa pamoja. Muhire alimeza funda la Fanta yake, akaipangusa midomo kwa leso.

Mukarugwiza aliiweka chupa chini polepole.

"Yana usiku huyu alilala kwangu," alisema. "Asubuyi nilimupikia buji, akakunywa. Na mukutano yetu njo kesho."

Muhire alisema gari linangoja. Wakainuka, mmoja baada ya mwingine wakamshika Hakimu mkono na kumshukuru kwa mapokezi mazuri. Mukarugwiza alishukuru wa mwisho, kisha akaenda kupanda kiti cha mbele, ambako Muhire alikuwa amemfungulia mlango.