Nambari ya Bi Hayat

Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hajakosa kununua maziwa hata asubuhi moja.

Ngoja nieleze kabla hujasema nimerukwa na akili. Nina duka hapa Kaloleni, nyuma ya ukumbi, na aliyelianzisha ni mama, Bi Hayat. Enzi hizo yeye ndiye aliyekuwa na simu katika safu yetu ya nyumba. Kliniki wakitaka nambari, watu walitoa yake. Shuleni yake, kazini yake, kwa jamaa wa mashambani yake. Simu ikilia, mama alitoka mlangoni akapaza sauti, "Everline, dadako!" na jirani yetu Everline akaja mbio na povu la sabuni mikononi.

Baadaye kila mtu alinunua simu yake. Kisha kampuni inayotuletea bidhaa ikatupa programu ya kuandikia mauzo, nayo ikadai nambari ya kila mteja, ili kila anayenunua atumiwe meseji ya shukrani. Majirani walinikodolea macho kama mwizi. Watoe nambari zao wapigiwe na matapeli? "Andika ya Bi Hayat," akasema wa kwanza. Wa pili akasema hivyo hivyo. Mama alikuwa amekaa papo hapo kwenye kigoda chake, mbavu hana kwa kicheko. "Andika, Lela. Kwani imeanza leo?"

Akafa. Nambari haikufa. Hakuna aliyeibadilisha, na mimi sikumkumbusha mtu. Sidanganyi, nilipenda. Mtu akija dirishani ananitajia nambari ya mama yangu, sifuri saba mbili mbili, mpaka mwisho, mara thelathini arubaini kwa siku, nami naandika nimefumba macho. Kulikuwa na alasiri za mvua za Mei, stima imepotea, taa zimezimika, nasinzia juu ya kaunta, nikaisikia nambari ikija kutoka mbali, polepole, nikadhani ni yeye mwenyewe anamtajia mtu wa kliniki. Nilizinduka na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumanne moja, saa nane mchana, msichana mwenye viatu vya matope alisimama dirishani na tableti iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Sasa, dada Lela. Mimi ni Warigia, natoka kwa kampuni. Kazi yangu ni kusoma data za maduka."

"Zinasemaje?"

"Zinasema uko na kastoma mmoja tunataka sana kumjua."

Nilimfungulia, akakalia kigoda cha mama bila kujua ni cha nani. Siku hizi, akaniambia, mashine yao haisemi tu kilichouzwa jana. Inakisia kitakachouzwa kesho, na inamweleza mnunuzi kwa maneno, kama mtu anavyomweleza jirani yake. Akasoma: "Mteja huyu ni mwanamke mwenye familia kubwa. Huamka saa kumi na moja alfajiri. Ana mtoto mchanga, watoto wa shule, na viungo vinavyouma. Hufunga Ramadhani na hupika Krismasi. Hunyoa ndevu."

Hapo tulicheka mpaka paka akatoka chini ya rafu. Nilimwona mama waziwazi, amenyoa ndevu, amebeba mtoto, anachemsha chai ya watu thelathini, bila kulala. Kwa kweli ndivyo alivyokuwa, ukiondoa ndevu.

"Imalizie," nilimwambia.

"Uwezekano wa mteja huyu kuliacha duka ni chini ya asilimia moja. Hatarajiwi kuondoka."

Nililia. Mbele ya mgeni, mwanamke mzima mimi, nililia na kamasi juu. Mama aliondoka Jumatano saa tatu asubuhi, nikiwa nimeushika mguu wake, na hii mashine isiyo na haya inaniambia hatarajiwi kuondoka. Nikamsimulia Warigia yote, tangu simu ya kwanza.

Alinisikiliza bila kugusa tableti yake. "Pole sana, dada," alisema. "Sasa hili nitasema vibaya. Mwezi ujao lori litapakiwa kwa makisio ya mashine peke yake, hakuna mtu ataulizwa. Data lazima ziwe safi ifikapo Ijumaa. Kila mtu aandikwe na nambari yake. Ukikataa, duka linatolewa kwa orodha."

Lori lisipokuja, ningerudi soko la Muthurwa alfajiri kubeba magunia, na mgongo wangu huu.

"Na nikikubali?"

"Huyo kastoma anafutwa."

"Mama yangu ndiye anafutwa. Sema hivyo."

Aliangalia viatu vyake, kisha akaniambia jambo lililonisimamisha nywele. "Asubuhi tulipiga hiyo nambari, kwa laini ile ile inayotuma meseji za shukrani. Inaita, ila hakuna aliyeshika."

Mimi sijawahi kuipiga. Miaka miwili, mara elfu ngapi nimeiandika, na sikuwahi kuthubutu kuipiga. Najua laini isipotumika hupewa mtu mwingine. Kichwa kinajua. Warigia aliponyoosha kidole kuibonyeza sikumzuia, na ilipoita nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi, kama ninataka kupaa.

"Halo?" Sauti ya mwanamume. "Ni nyinyi wa duka?"

Aliitwa Mulongo. Alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja, anaishi Mukuru kwa Njenga, na laini alikuwa ameinunua mwaka mmoja na nusu uliopita. "Meseji zilianza siku ya kwanza," alisema. "'Asante Hayat, umenunua maziwa paketi mbili.' Nikasema nitawapigia niwaambie mmekosea. Sikupiga."

"Kwa nini?" Nilimfokea kama mtu niliyemkuta ndani ya nyumba yetu.

"Mama, usikasirike. Mimi naishi peke yangu, bibi na watoto wako nyumbani. Nikiona maziwa najua kumekucha. Nikiona nyanya na kitunguu najua mnapika. Huyo mtoto alizaliwa mwezi wa pili ako aje? Naona nepi zimepanda saizi."

Hasira ilinitoka yote. "Mjukuu wa Everline. Ameanza kukaa."

"Mungu ni mkubwa." "Na yule wa sukari robo na majani ya chai ya shilingi kumi, kila siku saa kumi? Jana ilikuwa siku ya sita hajanunua. Nimekuwa nikijiuliza, halafu naogopa kuuliza."

Warigia alipekua tableti yake. Hakuna kitu. Wiki hiyo mteja wetu alikuwa amenunua sukari kila siku, tena nyingi, na mstari wa mauzo yake ulikwenda sawa bila kuteremka. Kwa mashine, hakuna aliyekosekana.

Kwangu pia hakuna aliyekosekana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wa sukari robo ni Mzee Kabiru, fundi viatu wa zamani, nyumba ya mwisho. Kila siku alisimama pale dirishani akinitajia nambari ya mama, nami nimefumba macho nimsikilize mama.

Tulikimbia bila kufunga duka. Mlango haukuwa na komeo. Alikuwa kitandani, midomo imepasuka, mguu umevimba kama gogo, mwili unachoma.

"Guka," Warigia akamwita kama anavyomwita babu yake, "unatusikia?"

Akafumbua macho, akatuangalia kama tuko mbali sana naye. "Nilijua Bi Hayat atatuma mtu," alisema.

Everline alileta tuktuk ya mwanawe. Kliniki walimwekea maji ya mshipa, na nesi akasema siku mbili zaidi tusingemkuta. Halafu akachukua kalamu. "Nambari ya mtu wake?"

Ulimi ulikwenda wenyewe. Sifuri saba mbili mbili. Kalamu ikaandika, nami nikaisikia ile sauti ya mbali ikinisaidia kutaja, na nilitamani kuifuata mpaka mwisho. Nikamshika nesi mkono.

"Futa," nilimwambia. "Andika yangu."

Ijumaa nilisimama dirishani siku nzima. Nilimkazia macho kila aliyekuja, nikamuuliza nambari yake, na waliokataa niliwatukana kwa upendo mpaka wakatoa. Mzee Kabiru nilimwandika kwa nambari yangu. Mwisho ilibaki ile moja. Nilifuta jina la mama herufi moja moja, nikaanzia mwisho, nikaandika Mulongo. Nililia tena, lakini safari hii sikuwa na haya.

Jumapili baada ya mvua alikuja mtu mrefu, mashati mawili moja juu ya lingine, amechafuka miguu kwa kutembea kutoka Mukuru, kwa maelekezo ya Warigia. Alichungulia ndani, akatazama rafu taratibu, moja baada ya nyingine, maziwa, nepi, sukari, kama mtu aliyerudi kwao.

"Paketi moja ya maziwa," alisema.

"Nambari?"

Aliitaja polepole, yote. Nilimtazama usoni mpaka alipomaliza, ndipo nikaandika.