Lori la Anghel Msimu wa Migunga

Maua ya mgunga hayamsubiri mtu. Yakishafunguka huko chini mtoni, mfugaji nyuki ana siku chache tu za kupakia mizinga kwenye lori na kuyafuata. Akizubaa, asali ataisikia kwa majirani. Veturia alilijua hilo vizuri kuliko sala zake, na bado asubuhi hiyo alikuwa uani kwake, ameshika usukani wa lori lililokataa kuwaka.

Lori lilikuwa la mumewe, Anghel, na lilikuwa na umri wa kuitwa babu. Kila Mei walipakia mizinga jioni, nyuki wakisharudi ndani, wakateremka pamoja hadi mtoni. Septemba iliyopita Anghel alikwenda Italia kumsaidia kaka yake kupaka nyumba rangi. "Wiki mbili tu, Vetu," alisema. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa zimefika Mei. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili ilikuwa atarudi wiki ijayo. Veturia alimwamini, maana mapenzi yakiingia, akili huomba likizo. Alimkumbuka mpaka kikohozi chake cha asubuhi, kile alichokuwa akikinunia.

"Acha kuizungusha hiyo starta, shemeji, utaua betri!"

Alikuwa Tudose, jirani, dereva mstaafu na rafiki wa Anghel tangu jeshini.

"Basi njoo uizungushe wewe, badala ya kuniwikia hapo uzioni kama jogoo."

"Nimeshafika. Ugali upo?"

"Upo, na jibini. Lori kwanza."

Tudose alimwambia azungushe mara moja tu, naye akaenda nyuma kutazama ekzosi. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikagoma kushika.

"Hakuna hata moshi," alisema. "Ingekuwa inapata dizeli ikashindwa kuichoma, ingetema moshi mweupe. Hii ina njaa."

"Njaa gani? Jana nimemimina madumu mawili kwenye tangi."

"Tumbo kujaa si hoja, shemeji, kama koo limekabwa."

Akalegeza nati ya bomba linaloingia kwenye pampu kubwa, kisha akasukuma ile pampu ndogo ya mkono, akisubiri mapovu. Hayakutoka. Akafungua filta, akitarajia matope. Ilikuwa safi, tupu, kavu. Tudose akaacha utani. Alijilaza chini ya lori, na Veturia akawa anaiona miguu yake tu, na kusikia spana ikigonga chuma.

"Koki ya tangi imefungwa," sauti ilitoka chini. "Shemeji, hebu shuka."

Alitoka chini ya lori, akampa donge la nta ya nyuki lililofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amelitoa kwenye mdomo wa bomba.

"Panya?" aliuliza Veturia, ingawa alijua panya hafungi kitu kwenye kitambaa.

"Panya hafungi koki." Tudose alitazama viatu vyake. "Ndivyo sisi madereva tunavyolilaza lori. Unamwaga filta, unafunga koki, unaziba bomba unyevu usiingie. Wengine tunaziba kwa tambara. Wa nta ni mumeo peke yake."

"Alikuwa anakwenda wiki mbili."

"Lori halilazwi hivi kwa wiki mbili. Mimi langu nililifanyia hivi siku nilipostaafu."

Veturia alilikanda lile donge kiganjani. Septemba ile, wakati yeye yuko jikoni anamkandia mkate wa safari, Anghel alikuwa chini ya lori akiziba bomba kwa uangalifu, na alijua si wiki mbili. Lori aliliaga kwa ukweli, lakini mkewe alimuaga kwa uongo. Veturia alitaka kukasirika, na alikuwa na haki. Badala yake alimtamani Anghel, akapanda tena kwenye lori.

Tudose alirudi chini ya lori. Alifungua koki, akarudisha bomba, akasukuma pampu ya mkono. Mapovu yakatoka, yakapungua, dizeli ikaja safi. Akakaza nati.

"Haya, piga."

Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Uwanja wote ukatetemeka.

Haikuwa Jumapili, lakini Veturia alitoa simu akampigia Anghel.

"Vetu? Kuna nini?"

Veturia alishuka na simu. Aliisogeza kwenye boneti ili Anghel aisikie injini, akaiacha hapo kidogo, ndipo akairudisha sikioni.

"Umeitoa nta," alisema Anghel.

"Nimeitoa."

"Nilitaka kukuambia. Haki ya Mungu, kila nikipiga nilitaka."

"Migunga imechanua. Jioni tunapakia, mimi na Tudose." Alilikanda tena lile donge. "Nakutamani, Anghel, hata leo. Sasa niambie kweli. Utarudi?"

Tudose alijifanya anafuta spana iliyokwisha kuwa safi.

"Sijui," alisema Anghel.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kumwambia tangu Septemba. Veturia hakukata simu. Alisimama kando ya lori lililokuwa linanguruma, mkono mmoja ameziba sikio, akimsikiliza akipumua.