Mabuti ya Kanali

Soksi ilikataa kutoka. Muuguzi aliiloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha akaibandua taratibu. Kucha zilikuwa nene, za manjano, zikimong'onyoka kama chokaa ya ukuta mbovu. Kati ya vidole, ngozi ilikuwa nyeupe na imechanika.

"Usijikaze, binti, ziba pua tu," alisema mzee. Wenzake waliolala naye kwenye baraza za maduka walimwita Kanali, kwa ajili ya mabuti yake ya kijeshi. "Hata mimi harufu hii nimeizoea juzi."

Muuguzi alicheka. Kweli alikuwa amebana pumzi.

"Haya mabuti unayavua saa ngapi, mzee wangu?"

"Kuyavua? Nalala nayo. Kule ukivua kiatu, umekigawa."

"Fangasi hawa wanapenda joto na jasho. Nakupa dawa ya kupaka, lakini usipovua usiku, ni kazi bure. Miguu ipate hewa. Niahidi."

Kanali aliyatazama mabuti yake kama mtu aliyeambiwa amwache mwanawe stendi. Nyuma yake foleni ilifika uani. Muuguzi alikuwa ameshamwaga maji ya beseni.

"Kwa kuwa umesema wewe," mzee akajibu.

Wiki iliyofuata muuguzi alisikia makelele langoni mwa zahanati, akatoka.

"Soma kibao!" mlinzi alikuwa akifoka. "Pekupeku haingii mtu!"

"Nimeitwa na binti wa miguu."

Alikuwa Kanali. Kisigino kilivuja damu, na kwenye unyayo kigae cha chupa kilikuwa kimezama.

"Mabuti waliondoka nayo usiku uleule," alisema, bila lawama. "Nimeshushwa cheo. Sasa wananiita Kuruta." Akaegemea ukuta, akainua mguu na kutanua vidole. "Lakini tazama, binti. Pamekauka."

Pamekauka kweli.

"Mwache aingie," muuguzi akasema.

"Sista, kibao kabandika mganga mkuu mwenyewe. Nikimwingiza huyu, kesho mimi ndiye pekupeku."

Muuguzi aliinama, akashika kamba za viatu vyake vyeupe. Akafungua fundo moja.

"Sista!" mganga mkuu aliita kutoka ndani. "Foleni inakungoja!"

Vidole vya muuguzi vilisita. Kisha vikafunga fundo lile upya, vikalikaza.

Alipogeuka nyuma akiwa mlangoni, mzee alikuwa bado ameinua mguu, vidole vimetanuliwa, akingoja kuambiwa kwamba amefanya vizuri.