Oktava za Ukurasa wa Tatu

Mwaka uliopita, ukurasa wa tatu wa etudi ile ya piano ulimwangusha binti huyu mbele ya watahini wa chuo cha muziki. Leo alirudi kwa mara ya mwisho, kwani chuo hakikuruhusu jaribio la tatu.

Etudi ni zoezi lililovikwa nguo za sherehe. Hii, ya karne ya kumi na tisa, ilidai oktava za mfululizo: kidole gumba na kidole cha mwisho vipige pamoja noti ileile, ya chini na ya juu, mkono uruke kwa kasi bila kituo, na juu ya vishindo hivyo vyote wimbo usikike kana kwamba haumgharimu mtu kitu. Kila alipofika ukurasa wa tatu, mkono wa kulia uliwaka kutoka kifundoni hadi kiwikoni, kisha ukagoma.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa na dawa moja kwa kila gumu la dunia: kaza. Kwa neno hilo alimlea bintiye peke yake, na kwa neno hilo alikata utepe wa kitambaa cha bitana, akamfunga kifundo kisiyumbe, akapitisha na mshono kabisa. Binti alifanya mazoezi hivyo mwezi mzima.

Mwalimu wake alipouona utepe huo, aliuliza kama ule ulikuwa mkono au mpini wa jembe. Akachukua mkasi. Alimweleza kwamba nguvu ya oktava ni ya mguso tu. Noti ikishalia, mkono sharti ulegee, japo kwa kufumba na kufumbua. Binti aliona haya. Kwao, kuitwa mlegevu lilikuwa tusi.

Sasa mama alikuwa safu ya nyuma ya chumba cha mtihani, mkoba mapajani. Kurasa mbili zilikwenda vizuri. Wa tatu ulipofunguka, moto ukaanza, na katika kimya kifupi kati ya vifungu alimsikia mama akinong'ona, "Kaza, mwanangu." Mkono ulitii kabla ya akili. Bega likapanda, noti ikapotea.

Akalishusha bega. Akapunguza mwendo, akakiacha kifundo kining'inie baina ya oktava moja na nyingine. Mtahini mmoja aliandika jambo. Moto ukapoa, sauti ikapanuka, naye akafika mwisho.

"Mbona ulipunguza mwendo?" akauliza mtahini mkuu.

"Ili nifike, mwalimu."

Mzee yule aliwatazama wenzake, wakaitikia kwa vichwa. "Basi huo mwendo utautafutia humu chuoni, muhula ujao."

Kwenye korido mama alimshika mkono, akauminyaminya kwa kidole gumba kama apimaye kitambaa.

"Kumbe nilikuwa nakuumiza."

"Ulinifunga vizuri tu, mama. Tatizo mshono wako haufumuki, hata kwa mkasi."

Mama alicheka, lakini mkono hakuuachia mpaka walipofika nje.