Baba Mkwe Ndani ya Ukuta wa Kanisa

Umewahi kuona ukuta ukinyweshwa pombe? Chimpu aliunywesha kila asubuhi, huko Cusco, Wahispania walipokuwa wakijenga kanisa juu ya jumba la kifalme la wenyeji walilolibomoa. Chini walibakiza mawe ya kale, yaliyochongwa yakashikana hata sindano haipenyi. Juu yake wakapandisha ukuta wao wa chokaa na kokoto, unene wa hatua mbili za mtu mzima. Ndani ya unene huo mumewe Wallpa, fundi mawe, alikuwa amemficha marehemu baba yake: mwili uliokaushwa, magoti yamekunjwa kifuani, umeviringishwa kwa shuka la sufu ya alpaka, mnyama wa milimani. Mapadri walikuwa wakiwachoma wazee waliokaushwa namna hiyo uwanjani, wakisema ni sanamu za kuabudiwa. Na mzee akichomwa, ukoo mzima umekufa.

Lakini mzee haachwi na kiu. Kwa hiyo Chimpu, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha chokaa jukwaani, alimimina kibuyu cha pombe ya mahindi kwenye ufa akinong'ona, "Kunywa, baba mkwe."

Ufa ukavuja. Nzi wakajaa.

Siku moja msimamizi wa ujenzi, Mhispania aitwaye Ordaz, aligusa unyevu ule, akanusa kidole. "Wallpa, kanisa lako limelewa. Nani yumo humu?"

"Mawe, bwana."

"Mawe yanakunywa?"

"Ya kwetu yanakunywa. Ya kwenu sijui."

Mafundi wakacheka chinichini. Ordaz akamkamata Wallpa mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiwe, akapiga nyundo. Kidole cha shahada kilipasuka kama ganda la haragwe.

"Nani yumo?"

Wallpa alitema damu tu, maana alikuwa amejiuma ulimi. Nyundo ikashuka tena. Cha kati. Cha pete. Mfupa ukachungulia, mweupe.

"Nitavimaliza vyote, kisha ukuta nitaubomoa mwenyewe."

Juu jukwaani, mbele ya Chimpu, lilikuwapo jiwe la upinde wa mlango, limeshachongwa, zito kama kondoo wawili. Hakulia wala hakuomba. Alikaa kitako, akaweka nyayo zake juu ya jiwe, akasukuma kwa nguvu zote za mapaja.

Lilimkuta Ordaz chini, ameinama. Kichwa kilizama mabegani, na damu ikaruka hadi kwenye mawe ya kale, ikateremka bila kupata pa kuingia.

Mafundi walitazamana. Kisha mmoja akaokota nyundo, akaanza kugonga, na wengine wakamfuata, ngo, ngo, ngo, ili walinzi wa uwanjani wasikie kazi inaendelea.

Chimpu akashuka na mtaimbo, akaupanua ufa, akamtoa mzee taratibu, akamfunga mgongoni kama mtoto. Wallpa alikuwa chini, ameukumbatia mkono wake.

"Umetuua, mke wangu. Nilisema tukae kimya, wamalize kanisa lao, baba awe salama."

"Ulisema. Na mimi nikanyamaza miaka minne." Akamshika kwapani, akamwinua. "Sikutaka alindwe na ukuta wao. Nilitaka tumbebe twende Vilcabamba milimani, kwa kaka zangu wanaopigana na Wahispania. Nilitaka hivyo tangu jiwe la kwanza."