Chujio la Bwana Jotham

Jumatatu saa tatu asubuhi, Jaafar alipiga magoti mbele ya tangi la samaki la ofisini, akatia mpira mwembamba mdomoni na kunyonya hewa yote iliyokuwemo kwenye bomba. Maji yakapanda, yakavuka ukingo wa kioo, yakateremkia tangi dogo la chini lenye sponji. Pampu ikayarudisha juu yakiwa safi. Jaafar akatema mate, akajipangusa ndevu.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Al Baraha, huko Uarabuni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, na biashara yake ilikuwa kupeleka walinzi na wafagiaji mahotelini. Kwenye mkataba Jaafar aliandikwa mfagiaji, lakini alishazibua mabomba ya choo na kutengeneza kiyoyozi mara nne. Bwana Jotham, meneja, Mkenya mwenzake, alikataa kununua bomba la dukani. "Kwa nini ninunue na wewe uko?" alisema. Kutoboa kioo alikukataza pia, basi Jaafar akaunga vipande vya plastiki angavu kwa silikoni, akapinda bomba lipite juu ya ukingo.

Tangi lilikaa juu ya sefu ya chuma, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha ofisini kilichoweza kubeba uzito ule. Ndani ya sefu mlikuwa na pasipoti za wafanyakazi sitini na wawili. Sheria ya nchi inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mtu, na Bwana Jotham alikuwa mtu wa sheria. Yeye alizihifadhi tu.

Jaafar aliitaka yake kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili. Dada yake Swafiya alikuwa anaolewa Malindi, baba yao alishafariki, na walii wa kumuozesha alikuwa yeye. Ami Hashir, ndugu wa marehemu, angeweza kupewa uwakili, lakini Swafiya hakutaka kusikia. "Nataka mkono wa bwana harusi uwe mkononi mwako, kaka," alimwambia kwenye simu. "Si mkono wa mtu mwengine." Jaafar alishaomba likizo mara tatu, na mara tatu akaambiwa inshallah.

Kazi ya bomba la namna ile ni kuondoa kilichozidi. Haliulizi kilichozidi ni nini. Jumanne liliteremsha pasipoti, na sefu bado imefungwa.

Ilikuwa ya Belinda wa mapokezi, naye ndiye aliyeikuta juu ya sponji. Aliianika juu ya mashine ya kuchapishia, penye joto. "Picha imekuwa kama ya mtu ametoka kulia," alisema, akaendelea kupokea simu. Kufikia Jumatano mchana zilikuwa zimeshuka kumi na moja. Wafanyakazi walipanga foleni mbele ya tangi, kila mtu na taulo lake. Nick, mlinzi wa hoteli moja ya Jebel Ali, aliuliza kama zinafuata alfabeti, kwani zamu yake ilikuwa inakaribia.

Bwana Jotham alipita akaangalia. "Hizo karatasi zitaniulia samaki," alisema. Jioni alileta Fomu ya Hiari, ambayo kwayo mfanyakazi anaiomba kampuni, bila kushurutishwa na yeyote, imtunzie pasipoti yake. Asiyetia sahihi asingepangiwa zamu. Wote walitia, kwa hiari, wakazirudisha. Belinda peke yake alibaki na yake kwenye mkoba siku mbili, akiufungua kila saa kuhakikisha ipo. Ijumaa aliirudisha mwenyewe.

"Huko tunakolala kuna wezi, sir," alisema. "Afadhali ikae kwa sefu."

Ya Jaafar ilikuja Jumatatu iliyofuata, ikakwama kwenye kona ya bomba. Ilikuwa nene kwa sababu ya jalada la ngozi alilonunuliwa na Swafiya siku ya kusafiri. Ilikuwa imefunguka penye picha, na kupitia plastiki Jaafar alijiona akijitazama. Maji ya juu yakaanza kujaa. Kuitoa kulitaka kunyanyua ile kona tu, maji yamwagike, zulia lilowe. Alikwisha kuishika kona pale Bwana Jotham alipoingia na kikombe cha chai.

"Usiguse. Isukume irudi ilikotoka, halafu uniwekee chujio. Ukimaliza, leo leo nasaini leave yako. Haki ya Mungu."

Kwa kina Jaafar, mtu mzima akishamtaja Mungu haulizwi mara ya pili. Jaafar hakuuliza. Aliirudisha pasipoti kwa waya, taratibu asiikwaruze picha, kisha akachonga kipande cha plastiki chenye meno kama ya kitana, akakibandika penye mdomo wa bomba. Maji yalipita. Kingine chochote hakikupita. Bwana Jotham alisifu kazi, akatoa kalamu na kusaini: likizo imekubaliwa, kuanzia tarehe mosi Novemba. Kalenda ya ukutani ilikuwa Mei.

"Sir, harusi ni Ijumaa hii."

"Uliomba leave, nimekupa leave. Tarehe ni mambo ya kampuni. Khalas."

Ijumaa baada ya sala, Jaafar alisimama kando ya tangi, akampigia ami Hashir na kumpa uwakili amuozeshe Swafiya kwa niaba yake. Simu ikapewa bibi harusi. "Sawa, kaka," alisema Swafiya, akamrudishia ami simu. Ilimuuma Jaafar, ikamuuma mpaka akashindwa kula biriani aliyoletewa na Belinda.

Tangi linapendeza siku hizi. Wageni hulipiga picha, na Bwana Jotham ameongeza samaki wawili wa dhahabu. Kila asubuhi Jaafar anapokwenda kuwalisha, huikuta pasipoti yake imejibandika kwenye meno ya chujio, picha ikitazama nje. Huisukuma kando kwa kidole, maji yapate njia.